Kumpima Mkimbiaji Katika Nchi ya Milima

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa shule jioni ya Mkutano wa Mwaka wa Umoja wetu wa Wanafunzi wa Zamani. Imechapwa hapa kwa ombi la waliohudhuria, na kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Mwenyekiti aliponiandikia niseme machache juu ya michezo, nadhani alitaka niwachekeshe kwa hadithi za viatu vya kuazimana na uji usio na sukari. Hizo mtazipata wakati wa chakula, kwani wapo humu wanaozijua kuliko mimi. Mimi nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na kazi ya mwalimu wa fizikia ni kupima. Basi nitasema juu ya kumpima mwanariadha. Tunajuaje kwamba kijana huyu anaweza kukimbia kuliko yule? Nitaanza na kosa, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mimi, na nililifanya kwenye barabara hii hii inayopita mbele ya geti letu.

Ilikuwa mwaka 1979. Nilikuwa Kidato cha Nne, kiranja wa michezo, mwenye saa ya mkononi niliyoazimwa na mjomba. Tulitakiwa kuchagua vijana 4 wa mbio za nyika watakaoiwakilisha shule, na waliojitokeza walikuwa 22. Mwalimu wetu wa michezo aliwagawa makundi mawili ya vijana 11, maana barabara ni nyembamba na kona zake mnazijua. Mpango ulikuwa kwamba kundi la kwanza likimbie kutoka getini hadi darajani, na wale wa kundi la pili watangulie chini wakasimame kwenye kona kuzuia magari. Kisha lori liwapandishe hawa wa pili, nao washuke kama wenzao. Mwalimu alikaa juu, mimi nikakaa chini darajani, na saa zetu mbili tulizilinganisha asubuhi kwa redio.

Kundi la kwanza likashuka vizuri. Lori halikuja. Wenye umri wangu wanakumbuka vita vya Uganda na jinsi mafuta yalivyokuwa ya shida mwaka ule. Tulingoja, jua likapanda, na mwishowe mwalimu akatuma mtoto na kikaratasi: wakimbie wakipanda. Wakakimbia wakipanda.

Jioni tukakaa ofisini na majina 22. Ni wazi kwamba aliyepanda hawezi kulinganishwa hivi hivi na aliyeshuka. Mwalimu akaniuliza, “Kiranja, hawa wa kupanda tuwapunguzie dakika ngapi?” Nikajibu, “Dakika 3, mwalimu.” Akaandika dakika 3.

Alikuwapo kijana wa Kidato cha Tatu, mtoto wa upande wa Mtae, aliyekimbia vibaya kwa kumtazama. Kichwa alikiinamisha upande, na mkono wa kushoto aliurusha kama mtu anayefukuza nyuki. Alikuwa wa kwanza katika kundi la kupanda, kwa dakika 20 na sekunde 20. Tukamtolea dakika 3, akawa na dakika 17 na sekunde 20. Mtu wa nne katika orodha, aliyeshuka, alikuwa na dakika 17 na sekunde 9. Kijana wa Mtae akawa wa tano, kwa sekunde 11. Mwalimu akasema si neno, yule hana mtindo. Mwaka uliofuata hakujiandikisha tena katika riadha.

Daftari la siku ile nililikuta Desemba iliyopita nilipokuwa nahama nyumba. Nililisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaamua kufanya kile ambacho kingefanywa mwaka 1979, yaani kuipima barabara.

Nilitumia baiskeli. Msicheke, vijana, kwani njia za mbio ndefu za dunia hupimwa kwa baiskeli mpaka leo. Mwaka 1971 Mmarekani mmoja, Alan Jones, pamoja na mwanawe mdogo, walitengeneza kidude cha kufunga kwenye gurudumu la mbele ili kihesabu mizunguko, na kifaa cha aina hiyo ndicho kinachotumika kupimia njia za marathoni. Kwanza unaiendesha baiskeli juu ya urefu uliokwisha upimwa kwa futikamba ya chuma, ili ujue gurudumu lako linakwenda kiasi gani siku ile, kwa maana upepo wa tairi hubadilika na joto. Tena wapimaji huongeza mita 1 katika kila mita 1000, njia isije ikawa fupi. Mimi sikuwa na kidude hicho. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu, na wanafunzi wawili wa hapa wakahesabu mizunguko, kila mmoja na karatasi yake. Tulirudia mara tatu.

Barabara tuliyoiita kilomita 5, na ambayo vizazi vyote vya shule hii vimejisifia kuikimbia, ina urefu wa mita 4640. Nawaomba radhi wote wenye rekodi zao.

Mwinuko tuliupima kwa simu, kisha tukausahihisha vipande vipande kwa mpira wa maji wa mafundi wa ujenzi. Kutoka darajani hadi getini ni mita 140, yaani mita 3 kwa kila mita 100. Huo ndio pia wastani wa barabara yote ya kutoka Mombo hadi hapa Lushoto, ambayo kwa kilomita 33 hivi inapanda karibu mita 1000. Haionekani kuwa kitu. Mgeni aliye ndani ya basi hukitazama kijito na kusahau kwamba anapanda.

Lakini mwili hausahau. Mwaka 2002 Mtaliano Alberto Minetti na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima wakimbiaji 10 hodari wa milimani. Waliwakimbiza juu ya mashine ya mkanda unaozunguka, wakiinamisha mashine juu na chini, na kila mara wakapima hewa waliyoivuta ili wajue kila mita moja inagharimu nguvu kiasi gani. Kwa hesabu yao, kupanda mwinuko wa mita 3 kwa 100 kunagharimu asilimia 17 hivi zaidi ya tambarare, na kushuka mteremko huo kunapunguza gharama kwa asilimia 15 hivi. Mwinuko ukiwa wa mita 10 kwa 100, kama vijia vyetu vingi vya kwenda Magamba, kupanda kunaongeza karibu theluthi mbili, lakini kushuka kunarudisha asilimia 40 tu. Hapo pana jambo ambalo kila mama anayerudi sokoni na mzigo analijua bila mashine: mlima haurudishi vyote ulivyovichukua. Ukishuka, misuli ya paja inafanya kazi ya breki, na breki nazo zinakula.

Sasa turudi kwenye daftari. Kijana wa Mtae alipanda kwa mwendo wa dakika 4 na sekunde 23 kwa kila kilomita. Tukiutoa mlima kwa hesabu hiyo, mwendo wake wa tambarare ni dakika 3 na sekunde 45. Yule wa nne alishuka kwa dakika 3 na sekunde 42, na tukiutoa mteremko, mwendo wake wa tambarare ni dakika 4 na sekunde 21. Mtu anaweza kubisha, na ana haki, kwamba njiani hakuna mkimbiaji anayefaidi mteremko wote kama kwenye mashine, kwa sababu ya mawe, kona na woga wa kuanguka. Haya, nikaikata faida ile nusu. Akawa na dakika 4 kamili. Bado yule wa Mtae anamwacha kwa sekunde 15 katika kila kilomita, na hiyo si tofauti ya kubishania.

Wakubwa wa dunia nao wamekutana na swali hili hili. Marathoni ya Boston huanza mahali palipoinuka na kumalizikia karibu na usawa wa bahari, ikishuka mita 140 hivi katika kilomita 42. Sisi tulishuka kiasi hicho hicho katika pungufu ya kilomita 5! Kwa ajili ya mteremko huo, na kwa kuwa njia inakwenda upande mmoja bila kurudi, upepo unaweza kuwasukuma watu mgongoni tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, ambao ulikuwa muda mfupi kuliko rekodi ya dunia ya wakati ule, lakini haukuhesabiwa kuwa rekodi. Sheria inaruhusu kushuka mita 1 tu kwa kila kilomita. Hata hivyo msidhani Boston ni mteremko mtupu. Iko milima katika nusu ya pili, na mwenzetu Juma Ikangaa aliijua vizuri. Alimaliza wa pili pale mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde 1.

Nimesema sekunde 1, na nyumbani kwetu watu huona sekunde ni kitu cha kutupa. Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya riadha ya dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha ya utepeni isomwe, na ikaonyesha tofauti ya sekunde 0.03. Nimepiga hesabu kwamba kwa mwendo wa mtu anayekimbilia utepe, hiyo ni pungufu ya shubiri yangu, baada ya kilomita 42. Na picha hiyo haitazami kichwa wala mguu, inatazama kiwiliwili. Jicho la binadamu aliyesimama kando ya barabara lisingeweza kuamua kwa haki.

Kwa sisi wenye filimbi na stopwochi, yako makosa makubwa kuliko hilo na hatuyaoni. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mshika saa akisimama kwenye utepe wa mita 100 na kubonyeza aliposikia filimbi, tayari amemnyima saa yake theluthi ya sekunde hivi, na kijana atarudi bwenini akitamba kwa muda ambao hakuukimbia. Kwa kijana wa sekunde 12, hiyo ni mita 2 na nusu ya ardhi. Ndiyo maana mpiga bastola akitoa moshi tunaambiwa tubonyeze kwa moshi. Msipokuwa na bastola, mwanzishaji ashushe kitambaa cheupe.

Sasa niseme juu ya mtindo, maana hilo ndilo neno lililommaliza kijana yule. Iko elimu inayoitwa baiomekanika, yaani elimu ya jinsi mwili unavyoisukuma ardhi na kusukumwa nayo. Msingi wake ni mwepesi: mwendo ni urefu wa hatua mara wingi wa hatua katika sekunde. Berlin, mwaka 2009, Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, alitumia hatua 41 hivi. Tyson Gay, aliyekuwa wa pili kwa sekunde 9.71, alitumia zaidi ya 45. Mmoja mrefu wa hatua ndefu, mwingine mfupi zaidi wa hatua za haraka, na wote wawili walikuwa mbele ya dunia nzima. Ukimlazimisha mfupi atanue hatua kama mrefu, mguu utatua mbele mno ya mwili, na kila hatua itakuwa breki. Nimewaona walimu wakifanya hivyo, na mimi mwenyewe nimefanya.

Kichwa kinachoyumba nacho kinawasumbua sana watazamaji. Paula Radcliffe wa Uingereza alikuwa akikitikisa kichwa chake njia nzima, na mwaka 2003 akaikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia ya wanawake iliyodumu miaka mingi. Filbert Bayi naye, kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, alikimbia kwa namna ambayo wajuzi waliiona haina busara. Alitoka mbele tangu mwanzo, peke yake, kana kwamba mita 1500 ni mita 800. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, na John Walker akafika sekunde 0.36 baadaye. Saa ndiyo iliyosema Bayi alikuwa na akili timamu.

Simaanishi kwamba jicho ni bure. Jirani zetu wa Iten, Kenya, wanaweza kunisuta. Bruda Colm O'Connell, Mwairishi aliyekuja kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's mwaka 1976 bila kuwa mtaalamu wa riadha, alijifunza kazi ya ukocha kwa kutazama, na mmoja wa vijana wake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London 2012. Lakini aliwatazama vijana wale wale siku nyingi, mwaka baada ya mwaka. Sisi tulitazama asubuhi moja.

Wataalamu pia walifika huko huko Iten na mashine zao. Bengt Saltin wa Sweden aliwapima wakimbiaji wa Kenya na wa kwao kuanzia mwaka 1990, na tofauti iliyoonekana haikuwa katika ukubwa wa mapafu kama watu walivyotazamia. Wakenya walitumia oksijeni kidogo zaidi kwa mwendo ule ule. Sababu moja iliyotajwa ni wembamba wa mguu chini ya goti, kwa maana uzito ulio mwisho wa mguu ni ghali kuurusha. Hata viatu ni hivyo, gramu 100 zaidi katika kila kiatu huongeza gharama ya kukimbia kwa asilimia 1 hivi. Nawaonya tu, asitokee mtu hapa akaanza kuwapima watoto wa Kisambaa unene wa miguu na kuwakataa mlangoni. Vipimo vile vilieleza wakimbiaji waliokwisha kukimbia, havikutungwa kuwa kigezo cha kumfukuzia mtoto ambaye hajakimbia.

Kitu ninachokiomba kwa shule yetu ni kidogo. Barabara tumekwisha ipima, na alama za rangi nyeupe ziko kwenye mawe kila mita 500. Mwalimu wa michezo wa sasa amekubali kuweka daftari. Kila kijana apimwe mara moja kwa mwezi, akipanda na akishuka, na iandikwe kama mvua ilinyesha, kama alikuwa na viatu au pekupeku. Mwandike pia kimo chake na umri, kwa sababu katika darasa moja mmoja ameshabalehe na mwingine bado, na mara nyingi tunachokiita kipaji ni ndevu tu. Mwenye simu nzuri anaweza kuchukua picha 240 kwa sekunde, na kwa kuzihesabu mtajua mguu unakaa chini muda gani. Kwa mkimbiaji wa mbio fupi anayekwenda kasi yake yote ni kama sehemu ya kumi ya sekunde, yaani picha 24. Hiyo ilikuwa kazi ya maabara kubwa wakati wetu. Lakini kanuni za kulinganisha muziandike kabla ya mbio, zikae ukutani.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo ambalo sikulieleza mwanzoni. Mwalimu aliponiuliza tupunguze dakika ngapi, muda wa kila mtu nilikuwa nimeshausoma. Yule wa nne alikuwa rafiki yangu, tulilala kitanda kwa kitanda. Nilikuwa najua kwamba nikisema dakika 4 hatakwenda. Sikudanganya mtu, kwani hakuna aliyejua dakika halali ni ngapi. Nilichagua tu, katika namba nisizozijua, ile iliyonipendeza, na kwa muda wa miaka arobaini na zaidi nikajiambia kuwa nilikisia.

Kijana wa Mtae yumo humu ukumbini. Nimemwomba ruhusa kabla ya kusimama hapa. Desemba ile nilipomaliza hesabu nilipanda hadi kwake nikamkuta anapanga mapeasi kwenye tenga. Nikamwonyesha daftari, nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Kwa hiyo, bwana, nilikuwa wa ngapi?” Nikamwambia kwamba kati ya wote 22, kwa hesabu zangu, alikuwa wa pili. Akaendelea kupanga mapeasi. Tenga lilipojaa akaniuliza kama baiskeli yangu inaweza kupita kwenye kijia cha nyuma ya nyumba yake, maana anaye mjukuu, naye hurusha mkono wa kushoto vile vile.

Baiskeli niliiacha kwake. Mjukuu yuko hapa shuleni, Kidato cha Pili. Kesho saa 1 asubuhi babu yake ataileta baiskeli getini, na sisi wazee tutakaoweza kutembea tutasimama kwenye kona kuzuia magari. Watashuka wote, kisha watapanda wote. Wenye viatu waje navyo.